Zindiko la shamba na bomu la nyuklia: amani inaletwa na woga kweli?

#1 Mkorosho Mkavu
Kuchele wakuu.
Jana nimegombana na babamdogo hapa Tandahimba, kisa chupa. Kila msimu wa korosho lazima aning'inize chupa nyeusi kwenye mkorosho wa pembeni ya njia, ndani kuna maji kachanganya na sijui nini, shingoni kaifunga kitambaa chekundu na unyoya mmoja wa kuku. Zindiko hilo. Anasema tangu aanze kuweka hajaibiwa hata debe moja. Nikamwambia mbona jirani hana chupa na yeye haibiwi, akanijibu "jirani anakula kwa mgongo wangu, mwizi akiiona chupa yangu anageuzia njiani hafiki kwake". Nikakosa la kusema.
Usiku nasikiliza habari za Iran, za Urusi, za Korea Kaskazini, nikashtuka wakubwa wa dunia wanaongea vilevile kama babamdogo. Eti tangu 1945 vita kuu ya tatu haijapigwa kwa sababu kila mbabe ana chupa yake. Sasa ni kweli chupa ndo inafanya kazi au wezi tu hawakuwa na mpango wa kuja? Na sisi ambao hatuna hata moja, tunakula kwa mgongo wa nani? Wajuzi karibuni, wenye matusi bakini nayo.

#2 Kangomba Mstaafu
Babamdogo wako ana akili kukuzidi. Ukraine angebaki na mabomu yake leo asingepigwa. Gaddafi katoa ya kwake 2003, 2011 kila mtu kaona alivyofanywa. Kim kaikumbatia ya kwake, nani kamgusa? Uzi ufungwe.

#3 Bint Mikindani
Uzi hauna hata saa moja unataka kuufunga, kweli nyie wa kangomba, wanunuzi wa korosho wa vichochoroni, hamuachi tabia, kila kitu mnapima kwa kopo lenu 😂

#4 Fizikia Mtaani
Mkuu #2 nakurekebisha kidogo. Gaddafi hakuwahi kuwa na bomu, alikuwa na mashine za kurutubishia urani na michoro, safari ilikuwa bado ndefu. Ukraine ndo habari nyingine kabisa, Muungano wa Kisovieti ulivyovunjika 1991 ikajikuta imekalia vichwa vya nyuklia kama 1,900 vya masafa marefu lakini namba za siri za kurushia zilikuwa Moscow. Yani mtu kapaki gari uani kwako kaondoka na funguo. Desemba 1994 wakakaa Budapest, Urusi, Marekani na Uingereza wakatia saini kwamba wataheshimu mipaka yake, mabomu yakarudishwa Urusi, la mwisho limeondoka 1996. 2014 Crimea yake ikachukuliwa na Urusi, 2022 ndo haya tunayoyaona.
Ila na Kazakhstan alibaki nayo vilevile, vichwa zaidi ya 1,000, akayatoa yote, mbona hajapigwa? Ukihesabu waliotoa wakaumia, hesabu na waliotoa wakalala usingizi.

#5 Kangomba Mstaafu
Gari lipo uani kwangu nakosaje kuliwasha? Unachokonoa waya.

#6 Fizikia Mtaani
Unachokonoa waya mwenye gari kasimama getini na wenzie wawili wanakutazama. Na hilo gari linataka sevisi ya hela nyingi wakati huna hata ya kulipa mishahara.

#7 Mwalimu wa Zamu
Habarini wanajukwaa. Nimefundisha historia muda mrefu, nimeona hapa watu wanachukua kwamba mwenye bomu hashambuliwi, hiyo siyo. 1973 Misri na Syria walimvamia Israel na wakati ule ilishaaminika ana silaha hizo. 1982 Argentina ikaingia visiwa vya Falkland mchana kweupe, mwenye visiwa ni Mwingereza mwenye bomu tangu 1952. Na wenye mabomu wenyewe kwa wenyewe wamepigana, Urusi na China mpakani 1969, India na Pakistan pale Kargil 1999, mwaka mmoja tu baada ya wote wawili kujaribu mabomu yao 1998. Mei 2025 wamerushiana tena makombora. Chupa ziko pande zote mbili na korosho zimeokotwa.
Alafu kuhusu mazindiko nyie watu wa Kusini hamtakiwi kufundishwa. 1905 Kinjekitile pale Ngarambe aligawa maji, watu wakaamini risasi ya Mjerumani itageuka maji. Hapo Nandete wakang'oa pamba vita ikaanza. Yale maji yalifanya kazi kubwa sana ya kuunganisha makabila yaliyokuwa hayaongei, kazi ya kuzuia risasi ndo haikufanyika, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko bunduki. Ubaya wa zindiko hujui kama linafanya kazi mpaka siku limejaribiwa, na siku hiyo umeshachelewa.

#8 Kangomba Mstaafu
Mwalimu shikamoo, lakini umejipiga mwenyewe. Kargil walipigana wakaishia milimani, mbona hawakuendelea mpaka Delhi na Islamabad? Kwa sababu waliogopa. Chupa haizuii mtoto kuokota korosho mbili, inazuia mtu kuja na fuso.

#9 Mwalimu wa Zamu
Marahaba. Hapo umesema neno, wapo wasomi wanaosema hivyohivyo. Wengine wanasema bomu ndo linampa mtu kiburi cha kuokota hizo mbili maana anajua hutathubutu kuja na fuso. Ugomvi huo haujaisha huko kwao, sisi tutaumaliza hapa?

#10 Mama Kitaya
Mi sijasoma sana ila niseme. Oktoba 2020 watu walivuka Ruvuma usiku wakaingia Kitaya. Shangazi yangu alikimbia na kanga moja na sufuria, hata sufuria hajui aliibeba ya nini maana ilikuwa tupu, kakaa nayo porini mpaka asubuhi kaishika mkononi. Nyumba zimeunguzwa, watu wamekufa. Sasa niambieni wenye mabomu yenu, lile bomu la Hiroshima ungelirusha wapi pale? Kitaya? Ng'ambo? Waliokuja walikuwa na mapanga, bunduki na kiberiti. Vita yetu sisi wa mpakani haijui habari za chupa.

#11 Bint Mikindani
Pole sana mama. Kwetu Mikindani walipokelewa watu waliokimbia mashambulizi ya Palma, Msumbiji, 2021, wengine walifika na boti miguu imevimba.

#12 Mjukuu wa Nachingwea
Naunga na Mama Kitaya kwa upande mwingine. Babu yangu alikuwa anapeleka mihogo kambi ya Frelimo pale Farm 17 Nachingwea. Sasa fikirieni, Mreno ni mwanzilishi wa NATO tangu 1949, yani alikuwa amekaa kivulini kwa chupa ya Mmarekani. Kivuli kile kilimsaidia nini Msumbiji? Miaka kumi kapigwa na vijana waliokuwa wanalishwa mihogo ya babu, Septemba 1974 kasaini Lusaka, Mei 1975 Samora katokea hapohapo Nachingwea kaanza safari ya kwenda kupokea uhuru Juni 25. Babu anasema siku ile Samora anaondoka yeye hakuaga maana alikuwa anadai magunia mawili ya mihogo hayajalipwa mpaka leo 😂😂 ukimtaja Frelimo anakumbuka magunia kwanza.

#13 Kangomba Mstaafu
Babu adai na riba.

#14 Dereva wa Makaa
Mi napiga ruti Songea–Mtwara, nabeba makaa ya mawe kutoka Ruvuma kushusha bandarini, kwaiyo muda wa kufikiri ninao hasa pale Tunduru usiku. Mnaongelea woga tu hamuongelei tumbo. Vita ya Ukraine ilipoanza 2022 makaa yetu yakaanza kwenda mpaka Ulaya, foleni ya malori ikawa haieleweki, sisi madereva tulinenepa. Nikamuuliza bosi mmoja wa melini, hawa Wazungu si walikuwa wanapigana wao kwa wao kila siku? Akaniambia Mjerumani na Mfaransa wamepigana 1870, 1914, 1939, alafu 1951 wakasaini kuweka makaa na chuma chao chini ya mamlaka moja, wao na wenzao wanne, maana bila makaa na chuma hutengenezi mzinga. Toka hapo hawajapigana. Sasa hiyo si stakabadhi ghalani wakuu? Korosho zote ghala moja, mzani mmoja, daftari wanaliona wote, nani atauza usiku kimyakimya? Mi naona amani ni ghala sio chupa.

#15 Fizikia Mtaani
Hili la ghala nimelipenda kaka. Ila 1914 Mwingereza na Mjerumani walikuwa wanafanya biashara kubwa sana na bado wakauana.

#16 Dereva wa Makaa
Walikuwa wanafanya biashara, hawakuwa na ghala moja. Mi na wewe tunaweza kuuziana korosho kila siku na siku moja nikakupiga panga. Daftari likiwa kwa mtu wa tatu unajifikiria.

#17 Kangomba Mstaafu
Stakabadhi ghalani yenyewe watu wamelia makato mpaka basi, mnaiita amani? Na hao Ulaya unajua nani alikuwa anawalinda muda wote wanajenga ghala lao? Mmarekani na chupa yake. Jirani anakula kwa mgongo wa babamdogo, tumerudi palepale.

#18 Mngoni Mgeni
Wakuu mi Mngoni wa Songea nimeoa Newala, sijui kwanini hakuna aliyetaja utani. Wangoni na Wahehe tulipigana karne ya kumi na tisa kwelikweli, damu imemwagika, leo Mhehe akifiwa naenda kumwaga maji kaburini nadai pesa na hakuna atakayenigusa, namwambia nyama ya mbwa imeisha huko kwenu ndo mana marehemu kaondoka? Watu wanacheka msibani. Ugomvi umegeuzwa mchezo. Hawa Wamarekani na Warusi wangekuwa na utani wa kuzikana, rais wa huku akifa wa kule aje avuruge msiba, nani angekumbuka kombora.

#19 Bint Mikindani
Mngoni kafika Newala na uchokozi wake, nkuu huko nlimani naji nnapata? 😂

#20 Mngoni Mgeni
Unaona? Huo ndo utani wenyewe, ungekuwa Pakistan hapo ni kombora.

#21 Mwalimu wa Zamu
Utani ulikuja baada ya vita, Mngoni, na baada ya Mjerumani kuwapiga nyote wawili. Usiruke hatua.

#22 Nahodha wa Shangani
Nyie wote mnatafuta sababu, mi naona ni bahati tu. Nimekaa baharini, najua chombo kinarudi salama mara nyingine sio kwa akili ya nahodha.
Oktoba 1962 mgogoro wa Cuba, nyambizi ya Urusi iko chini, joto kali, hewa imekuwa nzito, juu meli za Marekani zinadondosha mabomu madogo ya kuwaamuru waibuke juu. Wamarekani hawajui kama mle ndani kuna torpedo ya nyuklia. Nahodha kapandwa na hasira anataka kuifyatua, inasimuliwa aliyemtuliza ni afisa mmoja, Vasili Arkhipov. Alafu Septemba 1983, Stanislav Petrov yuko zamu usiku, kompyuta inamwambia Marekani imerusha makombora matano. Kanuni inamtaka atoe taarifa wakubwa wajibu. Akafikiri, mtu akitaka kuanza vita ya kumaliza dunia anarusha matano tu? Akasema mashine imekosea. Kweli, ilikuwa jua limepiga kwenye mawingu satelaiti ikadhani moto wa makombora. Watu wawili tu hao. Mmoja akiwa kaamka vibaya siku ile hakuna uzi huu.

#23 Mkorosho Mkavu
Nahodha umenikumbusha kitu. Mwaka juzi mtoto wa dada yangu, ana miaka saba, kaja likizo hajui habari za chupa. Kaona kitambaa chekundu kapanda mkorosho kakivuta, chupa ikamdondokea ikapasuka yale maji yote kichwani. Mtoto hakuumia, ila shangazi zake walipomwambia "umekwisha" alianguka akazirai, homa siku tatu, tumemkimbiza hospitali hawajaona ugonjwa. Babamdogo mwenyewe alikuwa analia anaapa kwamba mle ndani ni maji ya kisima na majivu tu, hakuna dawa yoyote. Mtoto haamini mpaka leo. Yani zindiko la wezi limempata wa nyumbani.

#24 Mama Kitaya
Eeh! Kumbe majivu tu!

#25 Kangomba Mstaafu
Mkorosho umemuanika babamdogo mtandaoni wezi wote wamesoma 😂😂 msimu huu kazi anayo.

#26 Fizikia Mtaani
Hapo ndo tofauti sasa. Za wakubwa siyo majivu. La Hiroshima, Agosti 6, 1945, lilikuwa kama tani elfu 15 za baruti, 1961 Mrusi kalipua moja la tani milioni 50. Kwa sasa dunia ina vichwa kama 12,000, Urusi na Marekani wanamiliki karibu tisini kwa mia. Tushukuru vimepungua maana 1986 vilikuwa kama 70,000. Vilipungua kwa mikataba na kukaguana, siyo kwa maombi, na mkataba wa mwisho kati ya hao wawili ulikuwa wa kuisha Februari 2026.
Na swali la #1 kwamba sisi tunakula kwa mgongo wa nani, Afrika tuna mkataba wa kwetu wa kukataa nyuklia, Pelindaba. Ulisainiwa Cairo Aprili 1996, katibu mkuu wa OAU alikuwa Salim Ahmed Salim wetu huyuhuyu, ukaanza kazi 2009. Bara zima hakuna kutengeneza, kuweka wala kujaribu. Pelindaba ni jina la mahali Afrika Kusini pa utafiti wa nyuklia, maana makaburu walikuwa na mabomu sita, wakayabomoa wenyewe, de Klerk akatangaza Machi 1993 yakiwa hayapo tena.

#27 Mjukuu wa Nachingwea
Makaburu waliyabomoa kwa upendo au kwa kuogopa Mandela ayakute? Jibu hilo.

#28 Fizikia Mtaani
Wenyewe walisema vita ya Angola imeisha, Wakuba wanaondoka, tishio halipo. Wengine wanasema hilohilo ulilosema wewe. Chagua.

#29 Dereva wa Makaa
Sasa kama sisi hatutaki mabomu mbona urani ya Mkuju kule Namtumbo tunataka kuichimba? Na kampuni ina mkono wa Mrusi. Mi ndo nitakuja kuambiwa niibebe, nitajua nimebeba mchanga au Hiroshima?

#30 Fizikia Mtaani
Utakuwa umebeba unga wa njano kwenye mapipa kaka, hauwezi kulipuka. Urani inayotoka ardhini ile inayofaa ni 0.7 kwa mia tu, ya kuwashia umeme inapandishwa mpaka 3 hadi 5, ya bomu ni kama 90. Kazi kubwa iko kwenye kupandisha na huko ndo wakaguzi wanakaa, ndo mana Iran alivyofika 60 watu wakapagawa na Juni 2025 akapigwa. Ila usivute vumbi lake, na ukisikia tume ya nguvu za atomiki wanataka kukupima, nenda kapime.

#31 Mwalimu wa Zamu
Ila tusijifanye hatuhusiki. Urani nyingi iliyotengeneza mabomu ya 1945 ilitoka Shinkolobwe, Katanga, hapo Kongo. Waliochimba kwa mikono hakuna aliyewaambia wanachimba nini. Dereva kuuliza ni haki yake.

#32 Mama Kitaya
Kwaiyo chupa ilifungwa kwa majani ya shamba letu.

#33 Mkorosho Mkavu
Wakuu nashukuru kwa michango, nilipotea wiki nzima nilikuwa shamba. Mrejesho: chupa haipo. Nimefika asubuhi mkorosho mtupu, kamba imekatwa vizuri kwa kisu. Korosho ziko chini zimejaa kama zilivyo, hata moja haijaguswa.

#34 Kangomba Mstaafu
Weeeee. Mwizi kaiba chupa kaacha korosho?

#35 Mkorosho Mkavu
Siyo mwizi. Ni yule jirani. Nimeenda kwake kumsalimia nimeiona imening'inia kwake, kitambaa kilekile na unyoya. Nikamuuliza mzee vipi, anasema alisikia sijui wapi kwamba ya babamdogo ni majivu tu, akaona aichukue aiweke dawa ya kweli.

#36 Nahodha wa Shangani
Haya mwalimu, hiyo inaitwaje?

#37 Mwalimu wa Zamu
Hiyo inaitwa Pakistan. Babamdogo kasemaje?

#38 Mkorosho Mkavu
Hajasema kitu. Kaenda Masasi toka jana, kasema anafuata chupa kubwa.

#39 Mngoni Mgeni
😂😂😂 Mkiisha kuuana nakuja kudai ubani.

#40 Bint Mikindani
Jamani mnada wa kwanza lini? Kuna mtu kasikia chochote?